Mke wa Likizo

Mwanamume akioa husemwa amepata jiko. Mimi nililipata, ndugu na marafiki wakanipongeza, kisha jiko lenyewe likahamia shuleni. Mke wangu alikuwa mpishi mkuu wa shule ya bweni ya wasichana, na mpishi wa bweni halali kwake. Uji wa alfajiri haumsubiri mtu aamke pembeni mwa mumewe, ajinyooshe, apige mswaki, apande basi. Kwa hiyo muhula ukifunguliwa alifunga sanduku lake akaenda, ukifungwa akarudi, na ndoa yetu nzima ikawa inafuata kalenda ya shule. Wenzangu walikuwa na wake. Mimi nilikuwa na mke wa likizo, na jina hilo nililitunga mwenyewe kabla wao hawajanitungia baya zaidi.

Silalamiki. Au tuseme nalalamika, lakini kwa adabu. Binti yetu tulimlea hivyo hivyo: mimi nikimsuka nywele vibaya muhula mzima, mama yake akija likizo kuzifumua huku akinicheka. Kila alipoondoka nilisimama mlangoni mpaka akate kona na sanduku lake, nikajiambia maneno yale yale. Atastaafu. Iko siku huyu mwanamke atastaafu, nami nitakaa mezani na mke wangu siku ya kawaida kabisa, isiyo likizo wala sherehe, Jumanne hivi, mvua inanyesha, tunakula na hatuna la kuzungumza. Hilo tu. Wapo wanaotamani kuzunguka dunia wakizeeka. Mimi niliitamani hiyo Jumanne, na niliitamani mpaka nikajionea haya.

Nilitangulia kustaafu. Nilikuwa mkaguzi wa mizani, yule mtu anayeingia dukani na kisanduku cha mawe ya kupimia na kumharibia mwenye duka siku yake. Kustaafu kulinipiga vibaya. Miezi ya mwanzo bado nilikuwa naenda sokoni, nainama juu ya mizani za watu, nakunja uso na kuguna, mpaka muuza vitunguu mmoja akaniambia mbele za wateja, "Mzee, kama hununui, pisha wenzako." Nilirudi nyumbani masikio yakiwaka moto. Baada ya hapo nilikaa kwenye kiti nikawa natazama ukuta, na ukuta nao ukawa unanitazama. Mwishowe nikachukua mizani yangu ndogo ya zamani, nikaiweka jikoni, nikaanza kujifunza kupika. Mpaka leo napika kwa kupima: mchele huu, maji haya, chumvi hii. Watu wananicheka, lakini wali wangu wa leo ni sawa na wa juzi, na mtaani kwetu si wengi wanaoweza kujisifu hivyo.

Kwa hiyo nilikuwa najua kustaafu kunavyouma. Nikadhani kwa vile ninajua, wakati wake ukifika nitamshika mkono tu nimvushe. Hapo nilijidanganya mchana kweupe.

Aliporudi safari ya mwisho nilikuwa nimejiandaa. Nilinunua kitambaa kipya cha meza, nikanunua sahani mbili zinazofanana, nikapika wali, maharagwe na kabichi, nikaweka na glasi za maji kama tunapokea wageni. Nikapakua. Nikakaa. Mke wangu akanishukuru, akachukua sahani yake, akaenda nayo jikoni, akaegemea sinki, akala amesimama.

Nikasema amechoka na safari. Siku ya pili akafanya vile vile, na ya tatu. Nilipomuuliza alishangaa kama mtu aliyeulizwa kwa nini anapumua. Kumbe mpishi wa bweni hakai. Anapakua, anaisimamia foleni kwa jicho, mtoto wa mwisho akishapata na wale walafi wakisharudi kuomba ukoko, ndipo naye anajipakulia kilichobaki. Hicho anakila wima, uso umeelekea mlangoni, kwa sababu daima yuko mmoja ambaye hajala. Alikuwa anaumwa, au alikuwa anadeki darasa kwa adhabu, au alijificha mahali analia kwa kuwa barua ya nyumbani haikuja. Mke wangu alimjua huyo mmoja. Kila mwaka alikuwa na uso mwingine, lakini alikuwa yule yule, na alikuwa na chakula chake kimefunikwa pembeni.

"Sasa hapa nani hajala, Bibie?" nikamwuliza. "Tuko wawili."

"Najua tuko wawili. Nikikaa chakula hakipiti."

Mtu anayesema chakula hakipiti utamfanya nini?

Halafu likaja suala la kupika. Asubuhi moja aliniambia nimpishe jikoni, leo anapika yeye, na mimi nikatoka mbio kwa furaha. Nilikaa barazani nikisikia vyombo vinagongana, nikawa natabasamu peke yangu kama bwana harusi. Alichukua sufuria kubwa kuliko zote tulizonazo, ile ya kuchemshia maji ya kuoga, akapika maharagwe ya kutosha kulisha kikosi cha askari. Hiyo si hoja. Hoja ni chumvi. Mkono uliozoea kurusha chumvi kwenye sufuria ambayo mtu mzima anaweza kuoga ndani yake, uliirusha vile vile, konzi nzima bila kutazama. Nilipoweka kijiko cha kwanza mdomoni, nilihisi macho yanataka kutoka. Nikameza. Nikaweka cha pili. Mume mwema hujikaza.

"Vipi?" akauliza kutoka kwenye sinki lake.

"Tamu," nikasema, nikanywa maji glasi nzima.

Akaonja. Uso wake ukabadilika, akaisukuma sahani mbali. Sasa hapo mtu mwenye akili angenyamaza, au angeutania mkono wake, au angemkumbatia. Mimi nikainuka nikaleta mizani. Nikaiweka mbele yake, nikasema kwa sauti ya upole ile ya kuwaambia wenye maduka kwamba nimewakamata, "Bibie, mbona usiwe unapima tu?"

"Nipime?" akasema. "Mimi?"

Akavua aproni, akaikunja vizuri, akaitundika. Hakugusa jiko tena. Yale maharagwe niliyaongezea viazi na maji, nikaongeza tena, nikagawa kwa majirani. Wa kulia alishukuru, wa kushoto alishukuru, wa mbele akaniona nakuja na bakuli akazima redio ili nidhani hayupo.

Baada ya siku hiyo kazi yake ikawa kusimama dirishani. Nyumba yetu haioni shule, iko mbali sana, lakini yeye alikuwa anaiona. "Sasa hivi wanatoka darasani," alikuwa anasema. Au, "Leo siku ya kabichi, wanalalamika." Au hasemi kitu, anageuza shingo tu saa ambayo huko kengele inagongwa. Nami nipo nyuma yake, chumba kimoja naye, nikimtamani mke wangu. Alipokuwa shuleni niliweza kuivumilia hamu, kwa sababu muhula una mwisho na mwisho wake unajulikana. Sasa amerudi na hajarudi, na sikuwa na pa kutazama ili nijue muhula huu utafungwa lini.

Nilimpigia simu binti yetu nikamweleza.

"Baba, mpe muda," akasema.

"Muda gani tena? Miaka yote ya ndoa nimempa muda. Nimemaliza muda wote, mwanangu, umebaki wangu wa kufia."

"Baba, usiseme hivyo."

"Nasema ninavyoona."

Akacheka, kisha akaniuliza kama natumia dawa zangu za presha. Watoto wakikosa la kusema hukuuliza dawa.

Siku simu ya mkuu wa shule ilipokuja, nilikuwa namenya viazi. Nilimsikia mke wangu akiitikia, "Ndiyo mwalimu, ndiyo mwalimu," sauti inapanda ngazi. Alipokata, alikuja jikoni mbio. Uso umefunguka. Sikuwa nimeuona hivyo tangu arudi, na sitaficha, nilimwonea wivu mkuu wa shule.

"Wananialika mahafali," akasema. "Mimi na wewe. Mgeni wa heshima."

"Hongera sana."

"Na mkuu anasema kama nataka kurudi kwa mkataba, nafasi ipo. Miaka miwili, hata mitatu. Anasema yule aliyenirithi bado mbichi."

Nikaweka kisu chini. "Ukamjibuje?"

"Nimemwambia nitampa jibu siku hiyo hiyo ya mahafali. Ila nimeshaamua. Narudi."

"Bibie, tumekula chumvi nyingi sisi. Na nyingine tumeila siku moja."

Hakucheka. Huwa anacheka. "Umri wangu nauelewa mwenyewe," akasema. "Nguvu bado ninazo. Wale watoto wanahitaji mtu."

"Na mimi je?"

Lilinitoka tu. Akanitazama kama hajawahi kufikiri kwamba na mimi niko kwenye hesabu, kisha akageukia beseni, akaokota kiazi nilichokimenya, akakigeuzageuza.

"Wewe una mizani yako," akasema.

Hakusema kwa ubaya. Afadhali angesema kwa ubaya, ningepata la kumrudishia. Nilimaliza kumenya viazi, vingi kuliko tulivyohitaji. Usiku ule tulilala kila mtu ameupa ukuta wake uso.

Siku ya mahafali nilivaa suti. Ilinibana. Ama suti ilirudi ama mimi niliongezeka, na mizani ninayo lakini sikutaka kuiuliza. Mke wangu alivaa gauni la samawati na kilemba, akapendeza mpaka nikasahau kwa muda kwamba nimenuna. Kisha nikamwona akifungua mkoba wake mkubwa, akaweka aproni na raba zake za jikoni chini kabisa, akafunika kwa mtandio. Alidhani sioni. Nikajua huyu akiingia pale harudi na mimi jioni, nitarudi na suti yangu peke yangu.

Tulipoingia getini wasichana walimwona. Kwanza mmoja, kisha uwanja mzima: "Mama Mwiko! Mama Mwiko!" Walimkimbilia, wakamshika mikono, wengine wakanishika na mimi, wakaniita babu. Mke wangu alikuwa anawataja mmoja mmoja si kwa majina bali kwa matumbo yao. Wewe wa kutokula nyama. Wewe wa ukoko. Wewe umekonda, unaumwa? Nilisimama pembeni nikautazama uso ule, nikaelewa jambo ambalo sikutaka kulielewa. Huku ndiko alikokuwa anaishi. Kwetu alikuwa anakuja kupumzika.

Wakatuweka meza kuu. Vitambaa vyeupe, maua ya plastiki, soda zenye mirija. Hotuba zikaenda zikarudi. Mke wangu alitajwa, akapigiwa makofi, akapewa blanketi lililofungwa kwenye karatasi ya kung'aa. Alikaa kwenye ukingo wa kiti kama mtu anayesubiri kuitwa kwa daktari. Chakula kilipoanza kugawiwa hakutazama sahani yake kabisa. Alitazama foleni.

"Wanaipindisha kulia," akaninong'oneza. "Mimi nilikuwa naipindisha kushoto. Kulia kuna jua."

"Labda wanapenda jua."

"Nani anapenda jua na njaa?"

Akaubeba mkoba, akainuka. Nami nikainuka, nikamfuata. Mtu akiona mke wake anakwenda, angalau aone anakokwenda.

Jiko la shule nilikuwa nalijua kwa masimulizi tu: moshi, kuni, masizi ukutani, wanawake wanakohoa na kuimba. Nililolikuta lilikuwa na majiko ya gesi yaliyojipanga ukutani, sakafu imeoshwa, hakuna anayekohoa. Mke wangu alisimama mlangoni. Aliyemrithi alikuwa msaidizi wake wa siku nyingi, mwanamke mrefu mwembamba waliyemwita Sindano, yule ambaye zamani alikuwa akikata vitunguu analia mpaka wanafunzi wanadhani amefiwa. Sindano alituona, akafurahi kwa dhati, akafuta mikono.

"Mama! Unatafuta msalani? Siku hizi vyoo viko upande ule, nyuma ya bwalo."

"Sitafuti msalani," mke wangu akasema. "Nimekuja kuwapa mkono." Mkono wake tayari ulikuwa ndani ya mkoba, na kamba ya aproni imeshatokeza.

"Aa, Mama, hapana! Leo wewe ni mgeni wetu. Kakae upumzike, tunawaletea huko huko."

"Sijachoka."

"Najua hujachoka, Mama. Lakini tumeshamaliza. Tazama."

Na kweli walikuwa wamemaliza. Foleni ilikuwa inasogea yenyewe. Msichana mmoja wa jikoni, mgeni kabisa, akapita na sufuria inayofuka, akasema kwa upole, "Samahani, bibi, pisha kidogo, utaungua." Mke wangu akapisha. Nilitaka kumwambia yule msichana huyu bibi unayemwambia apishe ameungua humu ndani mara nyingi kuliko umri wako. Lakini alikuwa na adabu zote, hakuwa na kosa. Hakuna aliyekuwa na kosa mle ndani.

Sindano, nadhani aliona ile kamba ya aproni. Alichota chakula kwenye kisahani, akachukua kijiko, akakileta kwa mikono miwili. "Basi onja, Mama. Uniambie ukweli."

Sasa niseme nilichokuwa nacho moyoni dakika ile. Nilikuwa naomba. Nilikuwa naomba Mungu kile chakula kiwe kitamu. Kikiwa kibaya, nimempoteza: angevaa aproni pale pale, angevua viatu vya sherehe akavaa raba, na mimi ningerudi kusimama mlangoni kutazama kona. Kiwe kitamu, Mola wangu, kiwe kitamu mara moja tu, niende na mke wangu nyumbani.

Akaonja. Akatafuna taratibu, kama alivyozoea, ulimi ukitafuta chumvi, ukitafuta mafuta, ukitafuta kilichoungua chini. Nikauona uso wake ukipata jibu. Kilikuwa kitamu. Na nilipouona uso ule, nikatamani kingeungua chote, sufuria zote, foleni nzima ilale njaa, ili mradi yeye asiwe na uso ule.

"Kimekolea," akasema. "Usiongeze kitu."

Sindano akamkumbatia, akacheka, akafuta jicho, kisha akarudi kwenye sufuria zake maana watoto walikuwa wanasubiri. Mke wangu akairudisha kamba ndani ya mkoba. Akaufunga.

Tuliporudi meza kuu mkuu wa shule alikuja mwenyewe, akavuta kiti, akauliza kuhusu lile jibu. Mke wangu akamshika mkono. "Nashukuru sana, mwalimu," akasema. "Mpishi unaye. Huyo si mbichi, ni mwembamba tu." Mkuu akacheka, akasisitiza kidogo kwa heshima, hakusisitiza sana. Nilikuwa nimepata nilichokiomba. Nilipaswa kurukaruka. Nilikaa pale na suti imenibana, soda imepoteza gesi, nikawa natafuta furaha yangu na siioni.

Gari la shule liliturudisha, mimi na yeye kiti cha nyuma, blanketi katikati yetu kama mtoto. Dereva alikuwa na redio yake ya chini chini.

"Kilikuwa kitamu," akasema.

"Niliona."

"Hujaelewa. Sikusema tu ili kumfurahisha. Kilikuwa kitamu." Alikuwa anatazama nje. "Miezi yote hii nasimama pale dirishani najua kuna mtoto hajala. Nilikuwa namwona kabisa. Nikajiambia hawa wanangu wanateseka, mimi niko hapa nimekaa kama mzigo. Kumbe wamekula. Kila siku wamekula, wameshiba, wamekwenda zao kusoma. Hakuna aliyekuwa ananisubiri."

Nilikuwa na la kumjibu, nilikuwa nalo tangu ujana wangu, lakini dereva alikuwa ameshusha redio kabisa na masikio yake nayaona. Nikauweka mkono wangu juu ya blanketi. Baada ya muda akaweka wake karibu, haikugusana.

Nyumbani alivua kilemba, akautundika mkoba bila kutoa kilichomo, akaenda dirishani. Akalitazama lile dirisha kama mtu aliyefika kituoni basi likiwa limekwisha kuondoka. Akatoka pale, akawa hana pa kwenda. Alizunguka nyumba, akagusa kiti, akagusa pazia, akaingia chumbani akatoka. Sijawahi kuona mtu mzima asiye na mahali pa kusimama ndani ya nyumba yake mwenyewe. Niliingia jikoni kwa sababu sikujua kufanya jambo lingine. Kule shuleni hatukuwa tumekula, tulichokoa tu. Nikapasha wali, nikakaanga mayai na nyanya, nikapakua sahani mbili, nikaziweka mezani.

Alikuja, akachukua yake, akaenda nayo kwenye sinki. Mimi nikakaa. Sikushika kijiko.

Kupitia mlango wa jikoni nilikuwa namwona nusu. Alikula kidogo, akaacha, akasikiliza. Pengine alishangaa hasikii mtu anatafuna.

"Mbona huli?" akauliza.

"Nasubiri."

"Unasubiri nini? Chumvi imo, umepima mwenyewe."

"Nakusubiri wewe."

"Kitapoa hicho."

"Kipoe."

"Mzee, usiwe mtoto. Kula. Una dawa za kumeza."

"Bibie," nikasema, na sauti haikunitii, ilitoka nyembamba kama ya mtu mwingine, "ulisema hakuna aliyekuwa anakusubiri. Mimi nimekusubiri tangu ulipoondoka na lile sanduku mara ya kwanza. Nimekusubiri kila muhula. Nimekusubiri mpaka nimezeeka, na ulivyorudi nimeendelea kukusubiri. Mimi sijala, mke wangu. Ni mimi huyo. Sijala."

Nilisikia sahani ikiwekwa kwenye sinki, nikajua nimeharibu, kama siku ile ya mizani. Nikainamisha kichwa. Nilipokiinua alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni, sahani iko mkononi tena, ananitazama. Alinitazama vile ambavyo mchana kutwa nilimwona akiwatazama wale wasichana uwanjani, akitafuta nani amekonda.

"Umekonda," akasema.

"Suti inasema vingine."

"Usoni. Umekonda usoni, na mimi nipo humu humu."

Akaja. Akakaa kwenye kiti cha pili, kwenye ukingo, sahani mapajani, miguu imeelekea upande. Aliutazama mlango wa mbele, akautazama wa jikoni.

"Hakuna mwingine aliyebaki?" akauliza taratibu, na hakuwa ananitania.

"Hakuna," nikamwambia. "Wote wamekula. Tumebaki mimi na wewe."

Akavuta kiti mpaka tumbo likagusa kitambaa, akaiweka sahani mezani, akanipa kijiko changu mkononi kama anavyopewa mtoto, kisha akashika chake. Alianza kula. Machozi yalikuwa yanamshuka na hakuyafuta, na mimi sikumwambia anyamaze, maana yangu nayo yalikuwa njiani. Wali ulikuwa umepoa, mayai yameganda. Tulikula vyote mpaka sahani zikawa tupu, na hakuna aliyeinuka.